Malalamiko Kuhusu Kompyuta Iliyopewa Mdomo

Mutembei M'Ikiara,
S.L.P. 47,
Kiirua.

9 Novemba 1999

Kwa Katibu wa Bodi,
Hospitali ya Rehema Tele na Chuo chake cha Uuguzi.

Bwana Kithinji,

KUH: TOVUTI YETU KUSOMWA KWA SAUTI

Natumaini u mzima, na kwamba ng'ombe wako aliyekuwa amelala sasa amesimama. Mimi sijambo, ila nimekasirika.

Nakuandikia kama mwenyekiti wa Kamati ya Tovuti, mtu aliyekuwa karani wa chifu hadi kustaafu na ambaye hajawahi kutoa karatasi ofisini bila muhuri. Wafadhili walipotupa kompyuta, tulitengeneza tovuti ya hospitali na ya chuo, tukang'oa ubao wa matangazo pale langoni, na kompyuta ikawekwa ukumbini ili kila mgonjwa ajisomee. Sasa wafadhili wale wale wameleta kanuni kwamba tovuti iweze kutumiwa na wote, hata vipofu, viziwi na wazee. Wameleta na programu ya kuifanya kompyuta isome kwa sauti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini sisi hatukuwa tunaumwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bodi imemteua Veronicah aikague tovuti. Veronicah ni mpokeaji simu wetu, ni hodari, na ni kipofu tangu utotoni. Nauliza kwa heshima: tovuti ni kitu cha kutazamwa, mnampaje kazi hiyo mtu asiyetazama? Siku ya kwanza tu alikaa akasikiliza, kisha akaniambia, "Mzee, hii kitu inasema picha, picha, picha. Haisemi kitu ingine." Nilimjibu kwamba ni kweli ni picha, na ni picha nzuri.

2. Hapa ndipo penye kidonda. Kila tangazo la tovuti yetu lilichapwa kwanza kwenye karatasi, nikalitia sahihi na muhuri, kisha Mwiti wa ofisi ya chuo akalipiga picha na kuiingiza kwenye kompyuta. Siku za kliniki, karo, nafasi za kujiunga na chuo, yote yako hivyo. Veronicah anasema mashine haioni maneno yaliyo ndani ya picha, kwa hiyo tuyaandike upya bila karatasi na bila muhuri. Bwana Katibu, tangazo lisilo na muhuri ni uvumi. Mtu wa Laare amtoe mama yake mgonjwa nyumbani alfajiri kwa sababu ya uvumi?

3. Rangi nazo zimeguswa. Mimi ndiye niliyechagua wino wa njano juu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa ndizo rangi za mapazia ya wodi ya akina mama. Eti mwenye macho hafifu haoni kitu. Lakini muhuri ni wa zambarau na unaonekana vizuri kabisa, hivyo mtu hata akishindwa kulisoma tangazo, anajua kwamba ni la kweli.

4. Nidhamu itavunjika. Daktari wa macho hutujia mara moja kwa mwezi, siku anayopata gari. Zamani tangazo lake likibandikwa ubaoni, Latifah anayeuza mandazi langoni alikuwa akiwasomea watu wote, na foleni ilifika hadi mochari. Tangu tuliingize kwenye tovuti, foleni ni fupi na wanaofika ni watu wanaoona vizuri. Daktari huwapima haraka, huwapongeza, na huondoka kabla ya chakula cha mchana. Kompyuta ikianza kutangaza kwa sauti, watakuja wasioona. Nani atawapanga?

5. Kuna binti wa Ishiara anayeitwa Karimi, asiyesikia, ambaye ametuandikia kuuliza kwa nini maelezo ya kujiunga na chuo hayapatikani ila kwa kupiga simu. Namba tulimpa, tena imeandikwa kwa tarakimu kubwa. Huyu tukimsikiliza, kesho atakuja wa magongo aulize kuhusu ngazi. Unajua kamati hukutana ghorofani makusudi, ili malalamiko yafike yakiwa yamechoka. Tukijenga njia ya mteremko yatafika na nguvu zote. Baadaye watataka viti kwenye bodi, na mtu wa aina hiyo akishaketi kwenye bodi atataka mambo yafanye kazi.

Kwa hayo naomba programu irudishwe ilikotoka, Veronicah abaki na simu zake, na picha zibaki zilivyo. Ikiwa ni lazima mashine iseme, basi isome muhuri peke yake.

Wasalimie wajumbe wote, na mama watoto. Mwambie Mwiti picha zake ni safi sana. Ng'ombe asinyweshwe maji ya baridi asubuhi.

Wako mpenda utaratibu,

Mutembei M'Ikiara,
Mwenyekiti, Kamati ya Tovuti.

N.B. Barua hii nimeisema kwa mdomo na Veronicah ndiye aliyeipiga taipu, kwa sababu tangu Julai macho yangu yameingia ukungu. Hakubadilisha neno, hata pale nilipomsema yeye. Sikuwa nimemwambia mtu. Mke wangu hunishika mkono tukienda kanisani, na watu wanadhani tumeanza kupendana uzeeni.

Jana nilisimama mbele ya kompyuta nikitafuta siku ya daktari wa macho. Niliuona muhuri wangu. Leo Veronicah ameniambia daktari alikuja Alhamisi iliyopita, akamaliza mapema, akaenda zake.

Naogopa, Bwana Katibu. Binti yangu anajifungua mwezi ujao na ningependa kumwona huyo mtoto uso. Isomeni tovuti kwa sauti. Kama ni lazima muhuri uondoke, uondoke.

Muhuri wa barua hii tumeupiga kwa kupapasa, mimi na Veronicah. Ukiwa umeangukia juu ya jina langu, utusamehe.