Mti wa Kilele wa Mzee Chepyegon

Jumatatu, 4 Agosti
Mradi umeanza hapa Siongiroi! Tunakarabati nyumba ya msonge ya Mzee Chepyegon, ya udongo na nyasi, ili wageni na wanafunzi waje kuitazama. Tuko sita. Bi Chepkosgei, fundi wetu, alisema tutajifunza kwa mikono, na Ijumaa atachagua mmoja awe msimamizi wa nyumba ya pili kule Chepilat. Lazima niwe mimi. Priscillah mke wangu anasema tangu harusi sijamaliza kitu hata kimoja, na kila akisema anatazama kibanda cha kuku kisicho na mlango. Kisha tukaambiwa tukanyage udongo na mavi ya ng'ombe. Miguu mitupu! Nikakumbuka nina mgongo mbaya.

Jumatano, 6 Agosti
Jana sikwenda. Mgongo. Leo nikamkuta mwenzetu Wachira ameshakandika nusu ya ukuta, laini kabisa. Wachira, ambaye watu wake wana duka la vifaa sokoni! Akasifiwa mbele yangu. Bi Chepkosgei aliniambia kwamba jana alifundisha paa na maana ya kila kipande chake, nimuulize Wachira. Afadhali nife. Nikajitolea kuwa mpiga picha. Katika picha zote, juu kabisa ya paa, kuna kijiti kimechomoza, kimepinda, kinaharibu sura.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango! Mzee alikuwa ameenda Litein kung'olewa jino. Wenzangu walipoenda kunywa chai ya saa nne, nikapanda ngazi na msumeno. Kijiti chini. Paa safi. Nikabaki juu nionekane.

Nilionekana. Mama mmoja alipita na kuni, akatazama juu, akazitupa, akapiga mayowe. Kufika saa saba boma lilikuwa limejaa watu, wengine na maziwa, wengine na sukari, na kwaya imeshaanza kuimba. Wachira ndiye aliyenieleza, polepole, kama anaongea na mgonjwa: kile nilichokikata ni mti wa kilele, na unasema mume mwenye nyumba yuko hai. Akifa, ndipo unatolewa. Mimi nimekulia kambi ya kampuni ya chai, chini ya mabati. Ningejuaje?

Saa nane Mzee akashuka kwenye boda boda, shavu limevimba, pamba mdomoni, hawezi kusema neno. Dada yake akazimia. Mzee akaelekeza fimbo kwenye paa, kisha kwangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee amepata sauti. Aliamuru niurudishe mti mwenyewe, watu wote wakitazama. Bi Chepkosgei alisimama chini akinielekeza namna ya kufunga fundo la kamba. Ulianguka mara tatu. Mvua ya mawe ikaanza na hakuna aliyeondoka. Mara ya nne ukasimama wima. Nilitaka kulia kwa furaha, nakiri. Mzee alicheka mpaka akashika shavu.

Msimamizi ni Wachira. Mimi nimeruhusiwa kwenda Chepilat kama mwanafunzi, kwa sababu ya lile fundo.

Jumapili, 10 Agosti
Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Wachira anasema nyumba ya Chepilat ni ya mama mjane, na haina mti wa kilele. Haina! Masikini mama wa watu. Na nilivyomwona Mzee akiufurahia wake! Wachira alitaka kuendelea kueleza, nikamwambia asinifundishe, fundo ninalijua mimi. Nimechonga mti wa futi tano. Kesho asubuhi natangulia kuupandisha kabla wenzangu hawajafika. Priscillah amefurahi sana kwamba hatimaye namaliza kitu. Anakuja kutazama.