Malalamiko Kuhusu Mwanafunzi Aliyechambua Kiu Yetu

Kalobeyei, Kakuma

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Uhusiano wa Kimataifa,

Ejok, kama wanavyosalimu wenyeji wetu Waturkana. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na karibu na maji. Mimi ni Clotilde, mkimbizi kutoka Burundi na mwenyekiti wa kamati ya bomba la mtaa wetu. Bomba hilo limekauka tangu kabla ya Pasaka, na ofisi inayolisimamia hutujibu kila mara kwamba suala letu linashughulikiwa. Katika hali hiyo ukatuletea mwanafunzi wako, Kipngeno, anayesomea ule udaktari usiotibu mtu. Namshtaki kama ifuatavyo.

1. Kazi yake inaitwa uchanganuzi wa diskosi, yaani kuchambua maneno ya watu ili kuona nani ana nguvu juu ya nani. Sisi pia huchambua, maharagwe ya mgao, ila tukimaliza tunapika. Nilimwambia tunaomba maji. Akaniuliza kwa nini nimesema tunaomba na si tunadai. Mheshimiwa, nilikuwa na jerikeni tupu kichwani. Tunaambiwa maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, lakini maji bado hayajasikia.

2. Tulipochoka kumjibu tulinyamaza. Kimya chetu nacho akakitengea sura nzima.

3. Jirani yangu Akuch, wa Sudan Kusini, aligombana na Lokeno, mfugaji Mturkana wa kijiji jirani cha Lopur, kwenye bomba la mtaa wa pili: nani atangulie, watoto au mbuzi? Wakapatana, wakacheka. Kipngeno akawasihi warudie ugomvi polepole, kwa kuwa kinasa sauti kilikuwa kimezimika. Mara ya pili walipigana kweli. Kwenye tasnifu ameandika kuwa huo ni mvutano kati ya wenyeji na wageni. Mvutano wenyewe alikuja nao kwenye mkoba.

4. Hili ndilo linaloniuma. Alitualika Lodwar, kwenye hoteli yenye feni, tusikilize matokeo. Sentensi yangu aliimulika ukutani, kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, akasema neno maji kinywani mwangu ni njia ya kujijengea utambulisho mbele ya mataifa. Wakubwa wakapiga makofi, kisha wakanywa maji ya chupa. Uhusiano wa kimataifa tunaujua: bomba ni msaada wa nchi moja, ardhi ni ya nchi nyingine, kiu ni yetu. Chupa yangu sikuifungua. Nilirudi nayo nyumbani, wajukuu wakagawana kwa kifuniko. Nilikasirika njia nzima na bado nimekasirika.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, shahada yake izuiwe hadi atakapolichambua bomba lenyewe likatoa maji. Akishindwa, apewe jerikeni apange foleni, nasi tutakaa kivulini tukiandika anavyokohoa.

Wasalimie walimu wote, karani wako, na yeyote anayekuchemshia chai, maana huyo ana maji.

Ni mimi, mwenye koo kavu na adabu zangu zote,
Clotilde
Mwenyekiti, Kamati ya Bomba

Nyongeza: Barua hii ilikaa kwangu ikingoja mtu wa kwenda Lodwar. Huku nyuma binti yangu Estelle akanisomea tasnifu ya Kipngeno mpaka sura ya barua za ofisi. Kumbe amezilinganisha zote. Palipoandikwa suala linashughulikiwa, fundi hakuja kamwe. Palipoandikwa jina la fundi na siku, alikuja. Basi tukaacha kuomba maji, tukaomba jina na siku. Fundi alikuja jana, na maji yanatoka. Mpe kijana shahada yake, ikiwezekana mbili, kisha umrudishe huku upesi. Leo asubuhi ofisi imetuandikia kwamba bomba letu sasa ni endelevu, bila jina la fundi wala siku, na mtaa mzima umeanza kujaza ndoo.