Baba Askofu Ajishusha

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Unyenyekevu iliwatangazia waumini wote kwamba Baba Askofu amekubali kujishusha. Angejishusha Jumapili, saa nne kamili, kwa dakika kumi na mbili, mbele ya kamera mbili. Angeosha miguu ya watu kumi na wawili kama alivyofanya Bwana wetu, ila kwa mpangilio bora zaidi.

Mimi ndiye katibu wa Kamati na, bila kujisifu, miguu yote niliikagua mwenyewe. Tulipitisha mkurugenzi, wakili, wake wawili wa wazee wa kanisa na wengine wenye visigino vya heshima. Kila mmoja aliagizwa anawe miguu nyumbani mara mbili, asimchoshe Baba Askofu.

Kikwazo kilikuwa mama wa usafi. Jumatano nilimkuta nyuma ya stoo amepiga magoti, anamsafisha mlinzi wetu kidonda cha mguu kwa beseni la kanisa.

"Mama, una kibali cha kutumika?"

"Kibali tena, katibu? Daktari kasema kidonda kisiposafishwa kila siku, mzee wa watu anakatwa mguu."

"Utumishi una taratibu zake. Jaza fomu. Kamati inakaa mwisho wa mwezi."

"Na mguu wangu utakuwa wapi mwisho wa mwezi?" mlinzi akauliza.

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Nilichukua beseni nikalifungia ofisini, kisha nikaripoti kwamba hali imedhibitiwa. Ijumaa nilisikia mguu umevimba. Niliuombea.

Jumapili Baba Askofu alipiga magoti juu ya mto laini, akaosha miguu ya watu watatu. Mpiga picha akaninyemelea.

"Katibu, maji meupe pe! Kwenye picha Baba anaonekana anachezea maji tu. Nitafutie mguu mchafu, haraka."

Kamati ilifanya kikao cha dharura nyuma ya kinanda. Kwa kauli moja tukamwita mlinzi.

Alikuja akichechemea, ameshikwa mkono na mama wa usafi. Bandeji ilipofunguliwa, wakili alisogeza kiti. Baba Askofu alitazama kidonda, akatazama kamera, mikono yake ikabaki hewani.

"Katibu," alininong'oneza, na maikrofoni ikalitangazia kanisa zima, "hiki kitu hakikuwepo kwenye programu."

Mama wa usafi hakungoja kikao kingine. Alipiga magoti sakafuni, akasafisha taratibu, akifuta usaha kwa vidole vyake. "Jikaze, kaka, tunamaliza." Nakiri kwamba niliona aibu, ingawa Kamati haikunituma kuona aibu. Kisha, bila kuinua macho, alimsukumia beseni mtu aliyekuwa karibu naye.

"Baba, maji yamechafuka. Kayamwage, uniletee mengine."

Nilisubiri akemewe. Badala yake Baba Askofu aliinuka, akalibeba beseni, akatoka nje huku joho likiburuzika. Kamera zote mbili zilimfuata. Tulimwona madirishani akilizunguka jengo mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Mwishowe alirudi mlangoni na beseni lile lile limejaa. Kanisa hilo ameliongoza miaka kumi na tisa.

"Samahani, mama. Maji machafu huwa mnamwaga wapi?"

"Kwenye shimo, nyuma ya stoo. Na kesho uje mapema, kidonda hakina mapumziko ya Jumatatu."

"Ndiyo, mama," akajibu Baba Askofu.