Herufi za Dhahabu kwenye Simu za Kamati

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka nimeazimia. Bango la ukumbi wetu mpya wa ibada nitalichora mimi! Nimechorea vinyozi, wauza viatu, hata mtengeneza majeneza, lakini nyumba ya Mungu bado. Tatizo ni Bwana Stika, yule wa mashine ya kuchapa mtaa wa pili. Naye analitaka. Na ana tovuti. Kamati imesema itatazama kazi za kila fundi kwenye simu. Basi nami nitakuwa na tovuti. Binti yangu amenionyesha CSS, lugha ya kupamba kurasa. Si ngumu. Ni kama kupaka rangi, ila nguo hazichafuki.

Jumanne, 4 Machi
Nimeokota siri mtandaoni. Mistari miwili tu. Wa kwanza unafanya herufi ziwe wazi kama kioo. Wa pili, wenye kistari na jina la kampuni mbele, unakata dhahabu niliyoitandaza nyuma ifuate umbo la herufi. Jina langu linawaka! Nikamwita mke wangu aje aone. Akasema linapendeza, akauliza bomba la bafuni nitalitengeneza lini. Nimeomba toba kwa kiburi. Kisha nimelitazama tena.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Katibu wa kamati amefungua tovuti yangu mbele ya watu. Herufi hakuna hata moja. Dhahabu tupu, imejaa simu nzima. Bwana Stika akachungulia begani kwake, akaniuliza kwa upole: “Fundi, kumbe siku hizi unauza mabati?” Watu hoi. Hata kiongozi wetu wa ibada aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nimepewa hadi Jumamosi.

Nyumbani nikamuuliza binti kwa nini watengenezaji wa vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, wasikubaliane, watu wazima wale. Akasema wana kikao chao, ila kikao kinakwenda polepole, na kila kampuni ina jambo lake jipya inalotaka kulijaribu. Basi inalitoa mapema na kulibandika alama yake mbele, ijulikane kwamba hilo bado ni la nyumbani kwake. Likipendwa, wengine wanaiga na kikao kinalipitisha. Lisipopendwa, linatupwa. Na wengine, akasema, wanafurahi tu watu wakinogewa wasihame. Kivinjari cha katibu hakiujui mstari wangu wa pili. Kimetii wa kwanza, kikazifanya herufi kioo, kikaishia hapo.

Nimeelewa kabisa. Kosa si langu. Kosa ni la simu za kamati.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeanza kupita kwa wanakamati mmoja mmoja. Nimewaambia nasafisha simu bure, kwa ajili ya Mungu. Kumbe nawawekea kivinjari changu! Nimejiridhisha kwamba si uongo, kwa sababu vioo nilivifuta kweli, kwa kitambaa. Simu ya mhazini ilikuwa imejaa, nafasi hakuna. Nikafuta video moja ndefu ya watu wamesimama juani.

Ijumaa, 7 Machi
Ilikuwa video ya kuweka jiwe la msingi la ukumbi.

Mhazini amekuja hadi mlangoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Namshukuru Mungu binti aliikuta video kwenye pipa la taka la simu, akairudisha. Mzee alipoondoka, binti akakaa kando yangu. “Baba, ukichora bango la dhahabu, unaanza na nini?”

Nikamwambia hata mtoto anajua: rangi ya chini, ya njano iliyokolea, ili dhahabu ikikataa kushika, herufi zisomeke. Akanitazama. Nami nikamtazama. Nikaona haya mpaka masikioni.

Tumefanya pamoja. Kwanza herufi za njano ya kawaida, ambayo kila kivinjari kinaijua. Juu yake dhahabu na ule ukioo, vyote chini ya sharti: kivinjari kisichoujua mstari wa kampuni kisiviguse.

Jumamosi, 8 Machi
Bango ni langu! Herufi zimesomeka kwenye simu zote, nyingine kwa dhahabu, nyingine kwa njano. Katibu amesema ameniamini kwa kuwa nimerekebisha. Bwana Stika amenipa mkono huku akitazama viatu vyangu. Mke wangu amelia kidogo. Nimeahidi mbele za Mungu: maisha yangu yote, rangi ya chini kwanza.

Jioni nimepitia duka la rangi. Mwenye duka ana dhahabu mpya, ya kiwanda kimoja tu, imetolewa kwa majaribio, wengine bado hawana. Kopo lina alama yao kubwa mbele. Anasema haitaki rangi ya chini hata kidogo, unaipaka tu kwenye ubao mkavu.

Nimechukua makopo mawili. Binti asijue. Jumatatu naanza, na jua likilipiga bango hilo, Bwana Stika atatafuta pa kuficha uso.