Betri ya Tonton Ruphin na Kichwa cha Bibi Harusi

Jumatatu, 18 Machi 2019
Bertrams nzima, mtaa wetu huu wa Johannesburg, inanitegemea. Umeme ukikatika watu hawaulizi serikali, wanauliza Tonton Ruphin, mjomba wa wote, yuko wapi. Sasa naunda betri kubwa ya saluni ya mke wangu, Jeanne. Jumamosi anamsuka bibi harusi, Falonne, na huu mgao wa umeme hauna adabu. Nimepasua betri za laptop mbovu, nikatoa seli zake, vibetri vinene kama kidole gumba. Zote ndani ya kopo la biskuti. Moja ilileta ukaidi, haikutaka kuingia. Nyundo ikaisemesha.

Jumatano, 20 Machi
Mureithi wa ghorofani, Mkenya wa benki, kaja kuchungulia. Eti seli iliyogongwa itapiga shoti kwa ndani. Eti ikipiga, wenzake wote wataimwagia umeme wao mpaka iwake moto. Eti kila seli iwe na fyuzi yake, ikiharibika itengwe. Nikamwambia kila mtu na kufuli lake ni mambo ya wapangaji wa mtaa wa Berea. Betri yangu ni familia! Akaniomba basi, mzee, walau nimtoe huyo mgonjwa. Benki imemharibu kijana.

Alhamisi, 21 Machi
Jeanne kasikia. Anataka kuazima taa ya Théodore, fundi cherehani wa jirani. Taa ya dukani! Nikaapa akiazima narudi kwetu Lubumbashi. Akauliza kama anisaidie kufunga sanduku. Eish! Ili atulie, nimezitenganisha seli kwa nywele za bandia za saluni. Kopo limependeza, utadhani linakwenda harusini.

Jumamosi, 23 Machi
Giza! Falonne kasukwa upande mmoja tu. Nikawasha. Mwanga! Nikaanza hotuba. Katikati ya hotuba, harufu. Nywele zinayeyuka koponi! Nikafunua kifuniko nichungulie. Moto ukanirukia. Jeanne akalisukuma kopo kwa ufagio hadi barabarani, likalia pa! pa! Bibi harusi analia. Théodore akaja na taa yake, akaishika juu mpaka msuko wa mwisho. Dharau gani hiyo!

Jumapili, 24 Machi
Kanisani Jeanne kamshukuru Théodore mbele ya watu wote. Nimechunguza mabaki: kosa ni la nywele, zilikuwa hafifu. Betri ijayo itakuwa na seli mara mbili, na nitajaza pamba. Fyuzi? Sitaki kuzisikia. Nyundo ninayo.
Jambo moja tu, libaki humu: masharubu niliyokwenda nayo kanisani nilijichora kwa wanja wa Jeanne.