Mtoto wa Kumi

Jumanne, tarehe 3 Machi

Furaha! Ile sera mpya ya familia imefika hadi kiwandani kwetu. Tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi: kiwanda chenye watoto kumi wa wafanyakazi, walio chini ya miaka mitatu, kitafungua chumba cha watoto na kuajiri mlezi. Chumba kipo tayari, kimepakwa rangi ya manjano. Ukaguzi Ijumaa ya wiki ijayo.

Karatasi zilikuwa mbili. Nimesoma ya kwanza. Ya pili ni maelezo tu, na maelezo ni ya watu wasioelewa haraka.

Nimejiteua kuwa mwandishi wa orodha. Hakuna aliyepinga, maana hakuna aliyeulizwa.

Chumba hiki nakitaka kufa na kupona. Mke wangu ni muuguzi, na ameteuliwa kuwa msimamizi wa wodi ya watoto kuanzia Jumatatu ya tarehe 16. Jirani anayetulelea binti anahama wiki hiyo hiyo. Binti ana miezi kumi. Tunamwita Bosi, kwa sababu akilia wote tunasimama. Jana mke wangu alisema, huku akikunja nguo, kwamba pengine aikatae tu hiyo nafasi. Alisema polepole, bila kuniangalia. Iliniuma sana.

Nimepita meza hadi meza, kuanzia kwetu wakata vitambaa mpaka kwa wapiga pasi. Nimehesabu watoto. Tisa. Tisa!

Jumatano, tarehe 4 Machi

Adui amejitokeza. Ni mtunza stoo, tunayemwita Risiti kwa sababu hakupi hata sindano bila kukuandikia. Mtu huyu husoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho, hata maandishi ya kwenye boksi la uzi. Meneja amemwahidi kwamba watoto wasipotimia, chumba cha manjano atakitumia kuwekea majora yake ya vitambaa. Ameshaanza kupima ukuta. Nimemwona kwa macho yangu.

Amenishauri eti nisome karatasi ya pili. Nimemjibu kwamba nashukuru, nina shughuli. Mtu anayetaka chumba changu anishauri mimi!

Mpango wa kwanza: wachumba. Dereva wa gari la mizigo na dada wa vifungo wamechumbiana mwaka wa pili sasa. Nimewaketisha wakati wa chai. Nimewaeleza uzuri wa ndoa, uzuri wa watoto, uzuri wa kuwa na mlezi hatua ishirini kutoka mashine yako. Walinisikiliza vizuri mno. Dada wa vifungo akatokwa na machozi. Nikawaambia basi, mtoto tunamhitaji kufikia Ijumaa ya wiki ijayo.

Wakatazamana. Ndipo nikakumbuka kuna suala la miezi tisa.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Mshona kola anazidi kuwa mvivu. Anakaa meza ya mbele yangu, na kila siku anasogeza kiti chake nyuma kidogo kutoka kwenye mashine. Mwezi uliopita alikuwa inchi nane, leo kumi na tatu. Mimi mkata vitambaa, jicho langu halikosei hata nusu inchi. Tena anatafuna ndimu kutwa nzima.

Leo kaja na mdomo umejaa ndimu, anasema anaomba nimwandike kwenye orodha. Nikamuuliza mtoto wake ana umri gani. Akacheka. Kumbe ni dhihaka! Nikamwambia orodha hii si mchezo, arudi kwenye kola zake.

Nimeelewa mchezo wote. Mshona kola ni mkaza mwana wa Risiti. Katumwa aniharibie hesabu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mpango wa akiba: mama mkwe. Nimekwenda kwake nimevaa shati la kola mpya, na maneno yangu nimeyapanga. Nikamsifu. Nikasema malezi yake ndiyo yaliyonipa mke bora, basi si vyema utaalamu huo ulale bure.

Mama mkwe akanitazama juu ya miwani. Akasema amelea watoto saba bila mlezi, bila likizo hata ya nusu siku, na wakati huo hakuna aliyemwandikia sera. Sasa ana duka lake la mapazia na wateja wanaomngoja. Mjukuu atambembeleza Jumapili, tena baada ya chakula. Siku nyingine ana kazi, kama mimi.

Nikasema shikamoo kwa mara ya pili, nikaondoka. Alinikimbilia mlangoni na pazia dogo la maua. La chumba cha watoto, akasema. Ana uhakika kitafunguliwa. Mkwe huyu!

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Pacha.

Bosi atakuwa na pacha wake. Nimeandika jina la kumi kwenye orodha: Bosi Mdogo. Nani atajua? Watoto wachanga wote wanafanana, na pacha wanafanana zaidi. Chumba cha manjano kina milango miwili, mmoja wa ukumbi wa mashine, mwingine wa stoo. Naingia na Bosi kwa gauni la njano, natoka kwa nyuma, nambadilisha, naingia tena kwa gauni la bluu na kofia nyekundu. Mkaguzi anahesabu kumi. Kwisha kazi.

Meneja kaniuliza tangu lini nina pacha. Nimemwambia huyu wa pili ni mpole, hajulikani sana.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Mshona kola kaja tena na mambo ya orodha. Nimetia pamba masikioni. Imeshajaa, nimemwambia. Kaondoka anatembea kwa madaha, mkono kiunoni. Nimemkatia hata overoli mpya, maana ile ya zamani ilimbana kwa mbele, nikampa nafasi ya inchi sita. Hii ndiyo shukrani yake. Ndimu zinanenepesha, sikujua.

Risiti naye kapita na ile karatasi ya pili mkononi, kaiweka juu ya meza yangu. Imenifaa. Nimechorea kofia ya Bosi Mdogo.

Nyumbani, mke wangu alikuwa anafanya mazoezi ya sahihi yake mpya nyuma ya kalenda. Msimamizi wa Wodi. Ameiandika mara kumi na moja. Nilimwangalia kutoka mlangoni nikajisikia kulia kwa furaha. Sikumwambia habari za pacha. Atashangaa mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Mkaguzi ni afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole na kalamu ya fedha. Kiwanda kizima kilisimama kutazama. Watoto wanane wakapita salama. Wa tisa, Bosi, gauni la njano. Afisa akamnyanyua, akambusu, akamrudisha kwangu. Nikapotea kwa mlango wa nyuma. Nikambadilisha juu ya majora ya Risiti. Bosi alipiga mateke, kofia ikakaa upande, lakini muda haukuniruhusu. Nikazunguka, nikaingia tena kwa mlango wa mbele, natabasamu. Huyu ndiye wa kumi, nikasema.

Afisa akamtazama. Akatazama ubao wake. Akajipapasa mfukoni. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, kama kalamu yake nayo ina pacha.

Bosi alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Anaitafuna.

Ukumbi mzima ulilipuka. Wapiga pasi waliketi chini. Dereva alilia machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu yetu ni ya saruji. Nilichowaza ni ile kalenda na sahihi kumi na moja. Nikamwambia afisa ukweli wote hapo hapo mbele za watu: kwamba mke wangu anaanza kazi kubwa Jumatatu, kwamba naona fahari, na kwamba watoto ni tisa.

Ndipo Risiti akatoka stoo. Mkononi karatasi ya pili, yenye mchoro wa kofia. Akasoma kwa sauti: mfanyakazi mjamzito aliyetimiza miezi sita, mtoto wake ahesabiwe.

Mshona kola akasimama. Akageuka upande. Miezi minane! Overoli niliyokata mwenyewe!

Akamweleza afisa kwamba aliomba kuandikwa mara mbili. Akasema tena, huku anacheka, kwamba mtoto huyu alimpanga tangu zilipoanza tetesi za chumba, maana wa kwanza alimlea huku anashona nyumbani na hakutaka kurudia.

Nikamuuliza Risiti, na stoo yake je? Akasema majora yanaweza kungoja, ila huyu mjukuu hangoji. Alipima ukuta ili ajue vitanda vinaingia vingapi. Nikampa mkono.

Chumba kimepita. Kwa udanganyifu wangu, afisa ameniagiza nimsaidie mlezi kila saa ya chakula cha mchana, wiki mbili. Kofia nyekundu lazima niivae mimi.

Mke wangu alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanikumbatia, akakaa hivyo muda mrefu.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Siku kuu! Mke wangu ameondoka asubuhi na kitambulisho kipya kifuani, anatembea haraka kama anayeitwa. Bosi nimemkabidhi kwenye chumba cha manjano, chini ya pazia la mama mkwe. Nilitegemea kilio. Hakunitazama hata kidogo. Dereva na dada wa vifungo wametangaza harusi mwezi ujao. Dada wa vifungo anasema mazungumzo yale ndiyo yaliyomaliza ubishi. Nimejifunza mengi wiki hizi mbili. Kubwa ni kwamba mipango yangu huwa inafanikiwa.

Saa nne limebandikwa tangazo jingine. Baba atakayepata mtoto mwingine atapewa mwezi mzima wa likizo yenye mshahara. Mwezi mzima! Kulala! Nimejiandikisha wa kwanza, kwa wino, mbele ya watu.

Zipo karatasi mbili. Risiti amesimama pale anaisoma ya pili, anacheka peke yake. Ameniuliza kama najua kufua nepi na kupika uji wa watoto wawili. Wivu huo.

Ya pili sijaigusa. Maelezo tu.