Makala Yenu ya Siki Imenikosesha Baraza

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumbani,

Natumaini u mzima na viti vyako ni vikavu. Mimi ni fundi saa, na starehe yangu pekee ni kukaa barazani jioni bila kusemeshwa na mtu. Naandika kwa heshima zote, lakini nimekasirika.

1. Mwezi jana mlifundisha namna ya kuondoa ukungu kwenye mito ya viti vya nje. Nilitii. Nilipangusa vumbi kwa brashi kavu, nikasugua kwa siki na maji nusu kwa nusu, nikasuuza, nikaisimamisha juani na kuigeuza kila saa kama mgonjwa. Madoa meusi ya miaka minne yakatoka yote. Hapo ndipo mliponiponza.

2. Miaka yote hiyo mama mkwe alikuwa akija, ananusa mto, anakunywa chai amesimama, anaaga. Safari hii alinusa, akanusa tena, akakaa. Leo ni siku ya kumi na tisa.

3. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu nilimpa brashi. Akaifurahia mno.

4. Sasa wingu likipita tu, nyumba nzima tunakimbia kuingiza mito ndani. Inawekwa kitandani kwangu isipate unyevu. Mimi nimebaki na kiti cha mbao kitupu, na hakuna anayeuliza kama nimelowa.

5. Kwa kukata tamaa, niliumwagia mto wake maji, nikaufunika kwa nailoni, nikangoja ukungu urudi. Akaufumania kesho yake. Hakunigombeza. Aliniita mwanangu, akanieleza taratibu kwamba mto uliolowa haufunikwi, unaachwa upate hewa.

Kwa hiyo naomba mchapishe makala ya pili: namna ya kurudisha ukungu upesi bila mkwe kujua. Iwe na picha.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule mwandishi wa siki, ambaye bila shaka mkwe wake anaishi mbali.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kiuno kinachouma,
Fundi Saa, aliyekuwa mwenye baraza

N.B. Mama mkwe ameondoka asubuhi hii. Tafadhali usiichapishe barua hii, maana mke wangu ameniambia kuwa ni mama yake aliyeikata makala yenu gazetini na kuiacha mezani kwangu. Baraza imekuwa kimya, na sipendi. Mto wake nimeusugua upya, uko juani. Naomba kuuliza tu: ukishakauka vizuri, mkwe huchukua siku ngapi kurudi?